Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Mtihani wa Magari Makubwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake. Ndugu unayemwakilisha Katibu, na wewe ndugu uliyeletwa kumwakilisha mwakilishi huyo endapo angechelewa. Afande wetu wa usalama barabarani. Bwana mtahini na mkoba wako wa fomu. Madereva wenzangu, ingawa mimi huketi kiti cha nyuma. Wageni mlioalikwa na wageni mliojialika: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemruka, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Nimesimama mbele yenu, kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Kituo cha Kisasa cha Kupandisha Madaraja ya Leseni, ili dereva wa gari dogo anayetaka kuendesha lori au basi asisubiri tena zamu ya miezi minane kule makao makuu, bali ahudumiwe hapa hapa, kidijitali, kimkakati na kwa mtazamo shirikishi wa wadau wote. (Makofi. Mtu anauliza wadau ni akina nani. Anaambiwa anyamaze, ni yeye.)

Masharti mnayajua, lakini nitayasoma kwa sababu yameandikwa. Uwe na leseni ya daraja la chini kwa miaka mitatu. Uwe na cheti cha macho. Ufaulu mtihani wa kuandika. Ulikague gari kabla ya kuliwasha, yaani matairi, taa, vioo na breki za upepo. Urudi nyuma kwa kutegemea vioo bila kuangusha koni, kisha barabarani usimame kilimani na uondoke bila gari kuserereka. Na mtihani ufanyike kwenye gari la daraja unaloliomba, si kwenye pikipiki ya shemeji. (Kicheko.)

Kuhusu takwimu, tangu mradi huu uingie Fezi ya Kwanza, yaani awamu ya kwanza, kituo hiki hakijamfelisha mtahiniwa hata mmoja. (Sauti: Mmewatahini wangapi?) Swali zuri sana. Litajibiwa kwa maandishi.

Nichukue mfano hai. Pale mstari wa mbele yuko dada anayeendesha gari dogo la mikate. Wengi wenu mnamjua kwa honi yake ya saa kumi na mbili asubuhi. Dada huyu amefaulu mtihani wa kuandika, macho yake ni mazima, kibali cha kujifunza anacho, na hospitali imemwekea kazi ya kuendesha basi la wauguzi, mradi apeleke leseni ya daraja hilo kabla ya kesho jioni. Kesho, ndugu zangu! Ni kwa ajili ya watu kama yeye tulikesha tukiandika mpango kazi. Simama, dada, wakuone. (Dada anasimama. Anasema kwa upole: Mheshimiwa, nashukuru. Gari la mtihani liko wapi?)

Gari liko kwenye mchakato. Keti, dada.

Na ili wananchi wajue wanachokitafuta, namwomba dereva wa basi letu la idara, lile lililotuleta, ampe Afande leseni yake aiinue juu, tuone daraja kubwa linafananaje. (Dereva anatoa leseni. Afande anaiinua. Anaishusha, anaisoma. Anaisoma tena.) Afande, inua tu, huna haja ya kuisoma. (Afande anamnong'oneza.) Imeisha lini? (Afande anamwonyesha.) Mwezi uliopita.

Ndugu wananchi, hiki ndicho tunachokiita ukaguzi wa papo kwa papo. (Kicheko kirefu. Dereva anamkabidhi Afande funguo na kwenda kukaa kivulini.)

Tusitaharuki. Dada wa mikate, nasikia umejifunza kwenye basi miezi mitatu. Hebu turudishe makao makuu, nami nitalikumbuka jina lako. (Dada anabaki amekaa. Anasogezewa kipaza sauti, anajibu: Siwezi, mheshimiwa. Daraja sina, na Afande yuko hapa. Nikikamatwa leo, basi la wauguzi nitalisikia tu likipita.)

Umesema kweli, na imeniuma kwa sababu umeisema kwenye kipaza sauti changu.

Bwana mtahini, fomu zimo humo mkobani? Zimo. Na basi lile ni daraja analoliomba? Ndilo. Na ukikaa kando yake, na kibali anacho, sheria inaruhusu? (Mtahini anamtazama Afande. Afande anaitikia kwa kichwa.) Na sisi viongozi kumi na wanne tukiwa ndani? (Wanashauriana.) Nimeelezwa kwamba tutaandikwa kwenye fomu kama mzigo. Kwa niaba ya uongozi, naukubali uteuzi huo. (Vigelegele. Dada ameshainama, anakagua tairi la mbele.)

Kabla hatujaondoka, semeni nami: Daraja jipya! (Maisha mapya!) Usukani salama! (Taifa salama!)

Nimshukuru mwenye kiwanda cha matofali kwa kutuazima uwanja huu hadi saa sita, hema lirudishwe kwa mwenyewe likiwa kavu, na koni ni za Afande. Vijana, kile kibao cha Kituo kiteremsheni taratibu msikikwaruze. Wiki ijayo kinageuzwa upande wa pili kwa uzinduzi wa kisima. Jengo, lori la mtihani na ofisi vitaingia kwenye Fezi ya Pili, ambayo bado tunaitafutia Fezi ya Kwanza. (Injini ya basi inawaka. Dada anarekebisha kioo cha kushoto, kisha cha kulia.)

Mwisho kabisa, ningependa kueleza historia ya mtihani huu tangu— (Mtahini anamgusa bega, anamwambia jambo.)

Nimefahamishwa kwamba mzigo hauhutubu. Ahsanteni.