Maua Yasiyoisha kwa Daktari wa Macho

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekuwa msanii. Nimepata programu ya kuchora fraktali. Unaipa kompyuta hesabu, nayo inachora ua lenye maua ndani yake, na ndani ya kila ua maua mengine, hivyo hivyo bila kikomo. Kazi yangu ni kuchagua rangi. Mke wangu kachungulia, akauliza kama kompyuta imeharibika. Kaka yake ni mchora mabango, ndiyo sanaa anayoijua.

Jumanne, 5 Machi
Daktari wa macho anataka picha ya ukuta mzima kwenye chumba cha kusubiria. Shemeji alishaahidiwa kazi hiyo. Nimemuwahi. Nimemwambia daktari brashi imepitwa na wakati. Picha yangu mtu ataitazama mwaka mzima asifike mwisho. Akasema wagonjwa wake husubiri karibu muda huo huo. Nimepewa kazi. Shemeji kaninunia. Mke wangu kaninunia kwa niaba yake.

Alhamisi, 7 Machi
Kompyuta inakokotoa picha ya ukubwa wa ukuta tangu jana. Inanguruma, inachemka. Nimeanika soksi juu yake. Jioni mke wangu kachomoa waya ili apige pasi. Kasema hakujua. Uso wake ulijua. Nimeanza upya.

Jumatatu, 11 Machi
Picha imechapishwa. Zambarau na chungwa, sakafu hadi dari. Kuibandika sijui, ikabidi nimbembeleze Shemeji. Kaja, kabandika vizuri. Mwisho karudi nyuma hatua chache, akashika ukuta wa pili.
“Shemeji,” akasema, “hii kitu inanisogelea.”
Wivu.

Jumanne, 12 Machi
Asubuhi bibi mmoja kakumbatia kiti, anadai chumba kinazunguka. Dereva mstaafu kaingia kupimwa, hakuona hata ile herufi kubwa ya juu. Kila aliyetoka pale macho yamezidi kuharibika. Daktari kawaandikia miwani minene wote, mpaka alipokwenda kuketi pale mwenyewe. Aliporudi alikuwa anapapasa mlango. Picha imeng'olewa. Shemeji kaitwa, kapaka ukuta kijani kitupu. Wagonjwa wamemsifu. Kijani kitupu!

Jumatano, 13 Machi
Shemeji kaja kula kwetu. Nilitarajia kejeli. Badala yake kasema rangi nazijua, nikafanye kazi naye. Nikafuta macho, nikasingizia pilipili. Nimemwomba radhi. Mke wangu kaniongezea nyama. Nimeapa mbele yao: fraktali basi.

Ijumaa, 15 Machi
Siku ya kwanza kazini. Tunapaka kliniki ya daktari wa meno. Shemeji kanisifu kwa kingo zangu zilizonyooka. Wakati yuko nje anachanganya rangi, nimepita chumba cha matibabu. Dari nyeupe, tupu kabisa. Na mgonjwa amelazwa chali, mdomo wazi, hana pa kugeukia! Nimeongea na daktari pembeni. Safari hii nitatumia nyekundu.