Mbuzi Hakuwa Kwenye Buti

Jamani, leo heshima yangu imeishia Butiama. Ilitoka nyumbani Mwisenge ikiwa nzima. Haikurudi.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani na nundu kichwani. Naandika mwenyewe kabla Shangazi Nyangeta hajaanza kusimulia, kwa sababu yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki hakina pa kuongeza.

Nina kigari changu, nilikinunua kwa mwalimu mmoja wa Bunda. Kidogo, cheupe, kina buti la kufunga nyuma. Kina shida moja tu. Ukikilaza siku mbili bila kukiwasha, ya tatu betri haina kitu. Unazungusha ufunguo, kinasema "tk", basi. Wiki tatu majirani wa Mwisenge wamekuwa wakinisukuma. (Mmoja ameanza kuamka amevaa raba kabisa.)

Baba mdogo Masatu, ndiye aliyenilea, alisema tangu siku ya kwanza: "Peleka kwa fundi Nyakato." Nikakataa. Mimi sijasomea ufundi, nimejifundisha kwa video, na nina ugonjwa: siwezi kumwachia mtu kitu ambacho naamini nikikaa nacho vizuri nitakielewa. Nikanunua mita ya kupimia umeme. Nikanunua na daftari. Nikachomoa fyuzi moja moja, nikapima, nikaandika. Kila fyuzi niliipima mara tatu, halafu nikaipima mita yenyewe kama ni nzima.

Umeme ulikuwa unavuja, hilo nililiona. Gari limezimwa, milango imefungwa, lakini kuna kitu kinakula chaji. Nikichomoa fyuzi ya taa za ndani, kinaacha kula. Sasa taa gani? Nilichungulia kila dirisha, hakuna taa inayowaka. Wiki tatu nimechungulia gari langu mwenyewe kama mwizi.

(Najua mnachotaka kusema: si uiache hiyo fyuzi imechomolewa? Baba mdogo alisema hivyohivyo. Lakini hapo ningekuwa na gari zima bila kujua lilikuwa linaumwa nini. Nisingelala.)

Sasa sikilizeni kwa nini leo ilikuwa siku mbaya ya kucheza na gari. Leo wazee walikuwa wanakwenda Butiama kwao Wakuru, binti ninayetaka kumuoa, kupeleka posa. Walikuwa waende Jumamosi iliyopita. Gari halikuwaka. Baba mdogo alitaka kukodi jingine, mimi nikamwambia nipe dakika kumi. Nilimwambia hivyo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kule wali ukapoa, wageni wao wakatawanyika. Babu yake Wakuru akatuma salamu: "Tutawangoja Jumamosi moja tena, ya mwisho. Na kama gari lao ni la kusukuma, waanze kusukuma Ijumaa."

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa leo. Likigoma tena, sina mke.

Mimi mwenyewe sikutakiwa kwenda. Kwetu kijana anabaki nyumbani, wazee ndio wanaozungumza. Na zaidi ya yote, kijana hakutani uso kwa uso na mama mkwe kabla mambo hayajakamilika. Mama yake Wakuru nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, na hata picha hiyo niliitazama kwa adabu, nikairudisha.

Babu yake Wakuru alikuwa ameomba beberu. Beberu akanunuliwa Bukima, mweusi, ana ndevu kuliko mimi, akafungwa kwenye mpera nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kumwandalia buti. Jana nikalifagia. Leo asubuhi nikalifagia tena. Betri nilikuwa nimeichaji usiku kucha, nikairudisha mahali pake. Nikawa natandika gunia la mbuzi.

Nikainua macho. Pale juu kulikuwa na kitaa, kidogo kama punje ya hindi. Kinawaka.

Mwili ukanisisimka. Taa ambayo huwezi kuiona kupitia dirisha! Wiki tatu! Lakini je, buti likifungwa, inazima au haizimi? Mtu mwingine angechomoa balbu akaenda kunywa chai. Mimi nikataka kuona kwa macho yangu. Na kuona kwa macho kuna njia moja: uingie, ujifungie, uangalie.

Simu niliiacha mezani makusudi, ili mwanga wake usije ukaharibu kipimo. (Someni tena sentensi hiyo. Mimi nitaikumbuka hadi uzeeni.)

Nikaingia na bukta yangu ya mpira na singlendi, mita shingoni na nyaya zake. Nikajikunja. Nikavuta mlango wa buti. Ta.

Taa ikaendelea kuwaka.

Ndugu zangu, sijawahi kuwa na furaha namna ile nikiwa nimelalia gunia. Nikacheka peke yangu. Nikaichomoa ile balbu kwa vidole viwili, taratibu, kama mganga anayetoa mwiba. Tatizo limekwisha. Giza likaingia. Na katika giza hilo nikakumbuka kwamba buti la gari langu hufunguliwa kwa kikono kilicho chini ya kiti cha dereva.

Nikagonga. Wote walikuwa ndani wanavaa. Nikagonga kwa miguu. Baadaye nikasikia viatu vya baba mdogo, na sauti ya Shangazi.

"Mbuzi mmeshampakia?"

"Si unasikia anavyopiga mateke," akasema baba mdogo.

"Na Majura yuko wapi?"

"Atakuwa kaenda dukani kununua fyuzi nyingine. Si unamjua anavyohangaikaga."

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga kelele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini baba mdogo akazungusha ufunguo, na gari likawaka. Mpigo mmoja, safi, kama limetoka kiwandani leo. Nikafurahi. Nikapoteza sekunde kumi nzima nikifurahi. Nilipomaliza kufurahi tulikuwa barabarani, redio iko juu, na Shangazi, aliyekaa kiti cha nyuma na kreti za soda, anaimba pambio. Niliita mara mbili. Lile pambio lina sehemu ya kuitikia, basi Shangazi akadhani ni redio.

Mbele kidogo gari likasimama kumchukua Mzee Bwire, mzee wa kanisa, mshenga wetu. Redio ikazimwa kwa heshima yake. Nikasema sasa. Nikafungua mdomo. Mzee Bwire akaniwahi.

"Nipeni sifa za kijana. Lazima nitaulizwa."

"Ana akili," akasema baba mdogo. "Halafu mtulivu. Mtulivu sana."

"Masatu, usimfundishe mzee uongo," akasema Shangazi. "Mtulivu wapi? Juzi nimeosha sufuria, akaja akaliosha tena mimi bado nimelishika."

"Basi nitasema msafi," akasema Mzee Bwire.

"Sema msafi."

"Na ufundi? Nasikia anajua magari."

"Hapo mzee wangu," akasema baba mdogo, "upite harakaharaka."

Jamani, niambieni ukweli. Mngetokea hapo? Mshenga ndiyo kwanza ameambiwa mimi ni mtulivu, halafu sauti yangu itoke nyuma ya kreti za soda? Na wakirudi kunishusha Mwisenge tunachelewa, wali unapoa mara ya pili, na babu alisema ya mwisho. Nikapiga hesabu gizani. Nikaona bora ninyamaze. Tukifika, wageni watakaribishwa ndani, baba mdogo atabaki nyuma kufunga gari. Nitagonga polepole. Atanifungulia. Nitatoka nyuma ya nyumba, nitakula kona, hakuna atakayejua. Mpango ulikuwa mzuri. Niliupitia mara nne, sikuona kosa.

Barabara ina matuta. Nilikuwa siyajui idadi, sasa nayajua, yote yako kichwani. Vumbi la gunia likaniingia puani, nikapiga chafya.

"Huyu mbuzi ana mafua," akasema Shangazi.

"Mbuzi wa Bukima," akasema baba mdogo. "Upepo wa ziwani."

Mzee Bwire akageuka, nikasikia kiti kikilia. "Masatu, mbuzi mgonjwa hapelekwi ukweni."

"Mzima huyo, mzee. Nilimchagua kwa mkono wangu."

Tukafika. Vigelegele. Nikasikia mikono ikishikwa, karibuni, asanteni, poleni na safari. Nikasikia sauti ya mzee, kavu, yenye mzaha ndani yake: "Leo limewaka?" Huyo alikuwa babu. Watu wakacheka. Nami nikawa nangoja waingie ndani, kama mpango ulivyosema.

Kosa la mpango lilikuwa baba mdogo. Alikuwa na aibu ya Jumamosi, na mtu mwenye aibu hawezi kungoja mpaka aingie ndani.

"Wazee wetu," akasema kwa sauti ya mkutano, "kabla hatujakaa. Juzi tuliwakosea. Leo hatukuja mikono mitupu. Babu, sogea. Na mama sogea uone."

Nikasikia kikono kikivutwa.

Buti likafunguka lenyewe, polepole, kama pazia.

Jua likanipiga machoni. Nilipoanza kuona, mtu wa kwanza mbele yangu, hatua mbili, alikuwa mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani, ameshika kamba ya kumpokelea mbuzi. Nilimjua kutoka kwenye picha.

Nikamtazama. Akanitazama. Nilikuwa na bukta, singlendi, nyaya za mita shingoni, nyekundu na nyeusi, na balbu mkononi.

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge, akageuka akatazama ukuta. Wanawake wote wakageuka na yeye. Wakuru alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na vile vikombe vikaanza kugongana vyenyewe.

Halafu simu ya baba mdogo ikaita. Kwa haraka ya kuikata, akagusa spika. Sauti ya jirani yetu wa Mwisenge ikajaa uani: "Masatu, njoo umtoe mbuzi wako, amekata kamba, amemaliza mchicha wangu wote."

Babu akaja na fimbo yake. Akanizunguka kwa macho, kichwa mpaka miguu.

"Huyu ndiye beberu?"

Baba mdogo akachungulia butini, kama vile beberu yuko nyuma yangu.

"Amekonda," akasema babu. "Na ndevu hana."

Mzee Bwire akakohoa. Mshenga mzuri hanunuliwi, unamwomba kwa Mungu. Akasema, "Mzee, tumeona tusiwafiche kitu. Kijana wetu ndiye huyu, alivyo."

"Msafi," akaongeza Shangazi, halafu akaangalia singlendi yangu, akaenda kushusha kreti za soda.

Babu akaniuliza mimi mwenyewe: "Umekaa humu tangu wapi?"

"Mwisenge, babu."

"Na hukupiga kelele?"

"Nilisikia wanasema mimi ni mtulivu, babu. Nikaogopa kuwaharibia."

Babu akaanza kucheka. Alianza mabegani, akaishia kukaa chini kwenye kreti ya soda. Akafuta macho, akasema: "Mtu aliyevumilia matuta yale yote kwenye buti kwa ajili ya posa, huyo atamvumilia na mjukuu wangu. Ingieni, wali unapoa. Beberu aje Jumamosi ijayo. Na aje yeye, siyo huyu tena."

Posa imepokelewa. Mimi nililetewa chakula kwenye gari. Kiti cha mbele, wakanipa na kitenge nijifunike. Kila aliyeleta sahani nilimweleza kisa cha taa na buti.

Ingeishia hapo ningekuwa nimepona. Wakati wa kuondoka, mama mkwe, ambaye hawezi kusema na mimi, akasimama nyuma ya mlango akamtuma Wakuru kwa sauti iliyofika uani kote:

"Mwulize huyo kijana. Kama alitaka kujua taa inazima au haizimi, kwa nini hakuweka simu ndani inarekodi video, akafunga buti, akafungua, akaangalia?"

Watu wote wakanigeukia wakingoja jibu. Baba mdogo naye akageuka.

Nikasema simu niliiacha mezani.

Nimefika nyumbani nikakuta Wakuru amenitumia ujumbe. Nikadhani ni pole. Ulikuwa na neno moja: "Meee." Sasa ombi langu kwenu ni dogo. Chekeni, siwezi kuwazuia, ila msicheke kwa sauti ya mbuzi.