Kitengo cha Barua Pepe za Safarini

Idara inafurahi kutangaza kwamba tangu kianzishwe Kitengo cha Barua Pepe za Safarini, hakuna ofisa hata mmoja aliyelalamika kwamba barua zake zimekwama akiwa safarini. Mimi ndiye mkuu wa kitengo. Mafanikio haya yametokana na utaratibu: ofisa ambaye barua pepe zake hazitoki anatakiwa kutuarifu kwa barua pepe, kutoka anwani ile ile ya kazini. Simu haitambuliki, kwa jambo lolote. Kifungu hicho alikiandika Mkurugenzi mwenyewe, nasi tulimpigia makofi.

Mwezi uliopita Mkurugenzi alisafiri kwenda kwenye kongamano la mawasiliano la wiki tatu. Huku nyuma dada wa mapokezi akamwandikia kuomba ruhusa: mama yake angefanyiwa upasuaji Jumatatu, na hakuwa na mwingine wa kumuuguza. Kimya. Alhamisi Mkurugenzi akapiga simu.

"Zinaingia, ila hazitoki," alisema. "Nikituma, zinabaki hapa hapa zinanikodolea macho."

Ufundi huu nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo sina papara. Nikamwambia aache mtandao wa hoteli, ajaribu wa simu yake. Aandike upya neno la siri. Apunguze viambatisho. Azime, awashe. Akafanya yote. Wapi.

"Ombi la dada wa mapokezi umeliona, mkuu?"

"Nimeliona."

"Nimwambie aende?"

"Kwa simu? Wewe vipi? Ruhusa ni kwa barua pepe. Asubiri nirudi."

Niliona ana hoja, nikamfikishia dada. Alipanga upya kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Ijumaa simu ikalia tena. Bodi ilikuwa imemwandikia Mkurugenzi: mkataba wake unaisha leo, athibitishe kuongezewa muda kabla ofisi haijafungwa, la sivyo kiti anakalia naibu wake.

"Mwambie mwenyekiti nimekubali," alisema.

"Kwa simu, mkuu?"

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Bwana, si unaijua sauti yangu?"

"Naijua sana. Kifungu ndicho hakiijui."

"Hicho kifungu nimekiandika mimi!"

"Ndiyo maana tunakiheshimu, mkuu."

Nikamshauri azime simu, aiwashe tena. Akaizima. Sina uhakika kama aliiwasha.

Jioni ile naibu akakabidhiwa kiti. Kabla hajakikalia, alishuka mapokezi.

"Wewe bado uko hapa? Nenda kwa mama."

Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba ruhusa ya mdomo haipo.

"Haya, niandikie," alisema. Dada alikuwa keshafika mlangoni na mkoba wake.

Kongamano lilipokwisha, mzee alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, sanduku mkononi. Dada alikuwa amesharudi kazini. Mama yake ameanza kutembea mwenyewe. Dada akasimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Pole na safari. Kumwona Mkurugenzi ni kwa miadi, na miadi ni kwa barua pepe ya kazini."

Mzee akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena. Anwani yake tuliifunga Ijumaa ile ile, kama utaratibu unavyotaka kwa asiye ofisa. Akanigeukia.

"Haifunguki."

"Pole sana, mzee," nikamwambia. "Tuandikie barua pepe."

Hadi ninapoandika taarifa hii, kitengo hakijapokea lalamiko lolote.