Bartolomayo na Njia ya Nne

Wakazi wote wa Nzuguni mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Bartolomayo ameishinda mahakama!

Tangazo ni lake mwenyewe. Hukumu ilisema vingine: amlipe Halfani, mfanyabiashara wa Majengo, milioni moja na laki nane za magunia ya alizeti aliyoyachukua kwa mkopo.

Munira, karani wa mahakama, alimwelekeza vizuri. Kata rufaa ndani ya siku thelathini. Au omba kulipa kwa awamu. Au kaa na Halfani mpatane.

"Awamu? Binti, unamwona nani hapa?" Bartolomayo alifoka, kifua mbele kama mgeni rasmi. "Ipo njia ya nne!"

Njia yenyewe: dalali wa mahakama hakamati mali ya mtu mwingine. Basi akaandika karatasi kwamba makochi, televisheni, friji na pikipiki ni mali ya mama mkwe wake, Bibi Yasinta wa Chamwino. Akasaini. Mimi jirani nikasaini ushahidi, kwa soda moja. Bibi akaitwa aje "kuwaona wajukuu."

Dalali alifika asubuhi na kirikuu, kigari chake cha mizigo. Bartolomayo kajinyoosha kochini.

"Vya mama mkwe hivi," akampa karatasi. "Mimi nakalia tu!"

Dalali akamgeukia bibi. "Shikamoo mama. Ni vyako kweli?"

"Marahaba. Hebu nisomee."

Akasomewa. Akataka asomewe tena, kwa sauti, majirani wasikie.

"Ni vyangu!" akasema. "Miaka tisa nadai ng'ombe watano wa mahari, kumbe mkwe kanilipa makochi! Baba, hilo gari lina nafasi?"

"Tupu kabisa, mama. Chamwino elfu hamsini."

Bartolomayo akainuka kochini. Kwetu Wagogo mtu habishani na mama mkwe, sembuse mama mkwe mwenye karatasi! Mkewe Raheli alishafungua mlango wote, vitu visikwaruzwe.

"Taratibu, mwanangu," bibi alimwambia mkwewe aliyeinama na friji mgongoni. "Hilo friji ni la watu."

Kesho yake Munira alimwona Bartolomayo kwenye dirisha la mahakama, vumbi hadi magotini. Katembea kutoka Nzuguni. Pikipiki iko Chamwino.

"Karibu, mzee wa njia ya nne! Leo tumeleta ya tano?"

Bartolomayo, mwenye umri wa baba yake, akavua kofia.

"Shikamoo," alisema. "Naomba awamu."