Kalamu ya Mkuu Haina Kasoro

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Habari kubwa! Msomaji wa barua anastaafu. Yule mama anayevaa miwani juu ya miwani anaondoka Ijumaa. Kazi yake ni kusoma kila barua ya Mkuu wetu wa masjala kabla haijatoka, na kuonyesha palipokosewa. Ana dirisha. Ana feni. Ana kiti chenye mto!

Nafasi ni moja, makarani tunaoigombea ni wawili: mimi na Bi Tarumbeta. Atakayeikosa anashushwa kwenye ghala la mafaili chini ya jengo, kwenye taa moja na panya wasiohesabika. Karani wa mwisho kukaa huko alitoka akiyaamkia makabati.

Mkuu atachagua mwenyewe Ijumaa. Nina siku tano za kutokosea. Inawezekana. Mimi si mtu wa makosa. Mimi ni mtu wa kuyaogopa, na hilo ni bora zaidi.

Mchana akatuita. Anajiandaa na maisha ya baada ya ofisi, amenunua mashine ya kukerezea mbao. Ametengeneza kalamu sita kwa mkono wake. Nusu mbili za mti, pete ya shaba katikati. Ukizungusha, ncha inatoka, ukizungusha tena inarudi ndani. Mbili za kwanza ni zetu.

Nikasema sijapata kuona kalamu kama hii maishani. Kweli kabisa! Nusu ya chini ilikuwa nene kwenye ncha na nyembamba kiunoni, kama mtu aliyevaa suruali juu chini. Mistari ya mbao ya juu ilikuwa haijuani na ya chini. Nikazungusha, ncha ikatoka. Nikazungusha tena. Ncha ikabaki nje, inanitazama.

Mkuu akauliza vipi. Nikasema haina kasoro. Akafurahi, akanichomekea mwenyewe kwenye mfuko wa shati. Kalamu ya mkono hukaa kifuani, akasema, asije akaiona imetupwa mezani.

Saa kumi: doa la wino kifuani, kubwa kama kisahani cha chai. Shati la kwanza kati ya matatu niliyo nayo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mbinu: mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa shati. Akili!

Kikao cha asubuhi. Kila nikipumua, kwaru-kwaru. Mkuu akasimamisha kikao, akauliza nani anakula biskuti. Nikasema mimi. Nimekiri biskuti ambazo sikuzila! Akaniomba moja. Nikasema zimekwisha. Akanitazama kama mtu mchoyo. Wakati huohuo ncha ikatoboa nailoni. Shati la pili.

Lakini kuna jambo zuri, zuri mno. Bi Tarumbeta amejimaliza.

Jina hilo hakulipata bure. Akiomba stepla akiwa mezani kwake, watu wa ghorofa ya pili hushuka nayo. Leo saa nane amesimama katikati ya masjala, ameishika kalamu yake kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akamwita Mkuu kutoka upande wa pili wa chumba. Eti Mzee wangu, kalamu yako nzuri lakini inanikojolea! Njoo uone, kile kichuma cha kuzungushia umekisukuma ndani mno!

Mihuri yote ya masjala ikasimama hewani. Hata feni nadhani ilisita. Mkuu akatoka, akaichukua kalamu, akaigeuzageuza, akarudi nayo ofisini kwake na kufunga mlango.

Masikini. Mdomo umeponza kichwa. Nimemhurumia dakika moja nzima. Halafu nikaanza kufikiria rangi ya mapazia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Shati la tatu, la mwisho. Mbinu: faili kifuani. Nimelikumbatia tangu asubuhi. Nimetembea nalo, nimekunywa nalo chai, nimeandikia ukutani ili nisiliweke chini. Sikuweza kukaa. Nikikaa, ncha inanichoma, nikisimama, inavuja. Nimezunguka masjala mara ishirini na moja. Walinzi wamedhani natafuta kitu, wakaanza kutafuta nami.

Saa sita Mkuu akaniuliza kifua kina nini. Nikasema hakina kitu. Akasema mtu asiye na kitu kifuani hakishiki namna hiyo. Akaniamuru niende zahanati iliyo ng'ambo ya barabara.

Muuguzi akasikiliza moyo. Akasema mzima, ila unakimbia kama mwizi. Je, naogopa nini? Nikamwambia siogopi kitu. Alikuwa bado amenishika mkono; akasema mapigo yamepanda niliposema hivyo. Akataka niweke sahihi, nikatoa kalamu ya Mkuu. Akaipokea kunisaidia, akasema hii inavuja. Nikasema haivuji. Tukatazamana, mikono yetu yote minne ikiwa ya bluu.

Nyumbani, dada yangu ninayekaa kwake alikuwa ameanika mashati. Akauliza mbona yote yana wino mahali pamoja, ni sare ya ofisi? Nikamweleza. Akauliza kwa nini simwambii huyo baba wa watu. Nikasema mkubwa haambiwi. Akasema Bi Tarumbeta mbona amemwambia? Nikamjibu kwamba ndiyo maana Bi Tarumbeta hana kalamu tena, na kesho kutwa atakuwa hana dirisha.

Dada akasema haya, kaa na doa lako.

Sitakaa nalo. Nitaifungua kalamu kwa siri, niitengeneze, niirudishe mfukoni. Mkuu atabaki na heshima yake, mimi na mashati yangu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kazini nimeiweka kwenye soksi. Mguu wa kushoto ni wa bluu. Si neno.

Saa kumi na moja nikaenda banda la shemeji, mume wa dada. Shemeji ni fundi bomba, ana jiliwa la kubania vyuma, ana nyundo za kila umri. Akaizungusha kalamu, akauliza nani ameiunganisha hii. Nikasema mtu wa heshima. Akasema basi mtu wa heshima alikuwa amelala.

Nusu ya juu ikavutika kwa mkono. Mrija wa wino ukafunguka kwa kuzungushwa. Kazi ni nusu ya chini: ncha imebanwa upande mmoja, kichuma cha kuzungushia upande wa pili, hakuna skrubu, hakuna mlango. Shemeji akanipa ufito mwembamba wa chuma, akasema upitishe ndani, gonga taratibu, ncha itatoka yenyewe.

Nikagonga kwa woga. Haikutoka. Nikagonga kwa woga mkubwa zaidi. Ikatoka! Ikaruka ikatua kwenye ndoo ya viungio vya mabomba, vidogo, vya rangi ileile, kama mia tatu hivi. Dakika arobaini. Shemeji amekaa kwenye beseni la kunawia lililopinduliwa, ananihesabia.

Kichuma kikagoma. Nikakibembeleza. Kikagoma. Nikapiga. Kikatoka, na mbao ikalia, tak! Ufa, mwembamba kama unywele. Nikahisi na mimi nimepasuka mahali. Shemeji akatia gundi, akaufunga kwa uzi, akasema tungoje, na mimi niache kuzunguka meza, namtia kizunguzungu.

Uzi ulipofunguliwa nikaipindua ile nusu ikae inavyotakiwa. Nene juu, nyembamba kwenye ncha. Mistari ya mbao ikakutana na ya nusu ya pili kana kwamba ilikuwa ikitafutana wiki nzima! Tukairudisha ncha. Kisha kichuma, kwa jiliwa: sukuma kidogo, jaribu, sukuma kidogo, jaribu. Mara ya tisa, nikazungusha. Ncha ikatoka. Nikazungusha tena.

Ikaingia!

Nimeizungusha mpaka chakula kimepoa. Dada amesema nikiizungusha tena mezani, ataitia kwenye sufuria.

Shemeji akanishauri kesho nimwambie Mkuu kwamba nimeirekebisha, nipate sifa yangu. Nikamfafanulia: nikisema nimeirekebisha, nimesema ilikuwa mbovu, nikisema ilikuwa mbovu, nimesema Mkuu anatengeneza vibovu, na hapo nimejitumbukiza ghalani kwa miguu yangu. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema bwana shemeji, uliyeunganishwa vibaya ni wewe. Ulimi wako wamekusukumia ndani mno.

Utani wa mashemeji. Hana elimu ya ofisi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Niandike yote, nisiruke kitu.

Asubuhi hapakuwa na shati. Mawili yana madoa, la tatu lilikuwa bado majimaji. Dada akanivalisha la shemeji, la kazi, jeupe, safi. Nilipofika ofisini ndipo mlinzi akanisomea mgongo. Herufi kubwa nyekundu: TUNAZIBA PANAPOVUJA. Nimeshinda nimeegemea kuta. Kwenye ngazi nimepanda kinyumenyume.

Saa tisa Mkuu akatuita wote wawili. Mezani kwake kalamu tano zimepangwa, pamoja na ile ya Bi Tarumbeta. Zote zimenyooka, mistari imekutana. Kumbe hakumfukuza! Kumbe juzi mchana walikaa wawili wakaifungua, na Bi Tarumbeta ndiye aliyekuwa akishika taa! Mkuu akasema sita zote alizikosea vilevile, nusu ya chini juu chini, kichuma ndani mno. Imebaki yangu tu. Akaniomba radhi kwa usumbufu. Mkuu! Kuniomba radhi mimi! Nusura niangukie pazia.

Nikampa. Akaitazama. Mistari imekutana. Akazungusha. Ikatoka. Akazungusha. Ikaingia. Nikasikia saa yake ya mkono.

Akauliza nani ameitengeneza. Nikasema hakuna, ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Akauliza haijapata kuvuja? Nikasema hata tone. Akavaa miwani, akaona ufa wenye gundi. Akauliza na huu? Nikasema ni mstari wa mbao, Mkuu, ni urembo.

Bi Tarumbeta akaninong'oneza. Kunong'ona kwake kunasikika hadi maegesho. Sema tu, ndugu yangu, kwani atakula nyama yako?

Mkuu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akavuta kiti karibu, akanihadithia jinsi mwaka jana, msomaji wa barua alipokuwa mgonjwa, yeye Mkuu alivyoandika mwaliko wa mkutano wa tarehe 31 Juni. Ukatoka hivyohivyo. Makarani wanne waliuona, wakaona si adabu kusema. Nusu ya watu wakafika tarehe 30, nusu wakafika siku iliyofuata, na kila nusu ikaapa kwamba nyingine haina akili. Yeye anakosea, akasema, na ataendelea kukosea. Anachotaka ni mtu wa kumwambia. Basi ananiuliza tena, taratibu, mara ya mwisho. Kalamu hii ilikuwa nzima nilipokupa?

Mlango ulikuwa wazi kabisa! Nililiona dirisha. Niliuona mto wa kiti. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafungua kinywa, nikajisikia nikisema haina kasoro, Mkuu, tangu siku ya kwanza.

Akanirudishia kalamu yangu. Akasema ahsante, naweza kwenda.

Nikasahau ukuta. Nikageuka kutoka, na nyuma yangu nikamsikia akisoma, polepole, neno kwa neno: tunaziba panapovuja.

Bi Tarumbeta anahamia dirishani Jumatatu. Alilia kwa furaha. Nadhani na mji mzima umemsikia.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Ghala la mafaili. Taa moja, kweli. Panya nimehesabu saba, kisha nikaona nisihesabu.

Nimetafakari usiku na mchana, nimeligundua kosa langu. Ule ufa! Ningeupaka rangi vizuri, ningekuwa dirishani sasa hivi.

Saa tatu Mkuu akashuka mwenyewe, amebeba kigoda cha miguu minne. Amekitengeneza mwishoni mwa wiki ili nisikae kwenye boksi. Mtu mwema. Akasema nikalie. Nikakalia. Kikanitupa kushoto. Nikajirudisha. Kikanitupa kulia. Mguu mmoja umewazidi wenzake.

Akainama, akanitazama machoni, akauliza kinayumba?

Nikasema si kigoda, Mkuu. Ni sakafu.

Akaitazama sakafu, akanitazama mimi, akaitazama tena sakafu. Akasema basi itashughulikiwa. Akapanda ngazi, na nikasikia kama mtu anayekohoa, au kucheka.

Saa tano mafundi wawili wa saruji wakafika na sururu. Sakafu inavunjwa Jumatano kwa agizo la Mkuu, na mimi nihamishe mafaili yote, kabati kwa kabati, mwenyewe. Wakaniuliza penye mteremko ni wapi. Nikawaonyesha. Wakaweka pimamaji. Pametulia kama maji ya beseni. Nikawaambia mteremko huo huja na kuondoka.

Lazima nichukue hatua kabla ya Jumatano. Mchana nikakimbia kwa shemeji, nikaazima msumeno. Nikaupunguza mguu mrefu. Kikayumba upande wa pili. Nikaupunguza na huo. Kikayumba mbele. Nikapunguza miwili kwa mpigo, kwa haki.

Sasa ni saa kumi na moja. Kigoda kimebaki na urefu wa shubiri, magoti yangu yako usawa wa masikio, na bado kinayumba, lakini kidogo sana. Nasikia viatu vya Mkuu kwenye ngazi. Akiuliza kimekuwaje kifupi hivi, jibu ninalo.

Sakafu imepanda.