Kisima cha Tamaa na Kiti Changu cha Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeipata! Kisima cha Tamaa, kadi halisi, kona moja tu ndiyo imekunjika. Mwalimu wa hesabu kanipa, mimi nikampa Joka langu la Shaba. Tulibadilishana mchana kwenye lango la shule yake. Alinishukuru mara mbili, akaondoka upesi kama aliyeona mawingu ya mvua. Maskini. Hajui alichokiachia.

Niandike mambo yalivyo, labda kichwa kitatulia. Kila Jumamosi tunakaa wanne katika chumba cha nyuma cha Kinyozi, tunacheza kadi za vita. Kila mtu na rundo lake la kadi, kila mtu na uhai wake, na kila mtu dhidi ya wenzake wote. Kuna Kinyozi mwenyewe, kuna Mwalimu, kuna Nesi wa zahanati, na kuna mimi, mchanganya rangi wa duka la vifaa vya ujenzi. Sheria ya meza: anayeshika mkia Jumamosi tatu mfululizo anatoa kiti. Sheria hiyo niliitunga mimi. Nilikuwa namlenga Nesi.

Nesi hajashika mkia hata siku moja. Mimi nimeshika Jumamosi mbili, na hii ijayo ndiyo ya tatu. Anayekingojea kiti ni Shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemfundisha mchezo mwenyewe sebuleni kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako!

Sitaki kutoka pale. Dukani naulizwa ndoo ngapi. Nyumbani naulizwa nimechelewa wapi. Ni kwenye meza ile tu mtu hunitazama na kuniuliza ninawaza nini.

Jumanne, 4 Juni

Nimeisoma kadi mpaka macho yakauma. Inasema hivi: chota kadi kutoka kwenye rundo lako, moja moja, mpaka utosheke. Wakati wowote mpinzani yeyote anaweza kusema "Basi". Wa kwanza kusema anazichukua zote ulizochota, ila kila kadi itamgharimu alama moja ya uhai.

Mwalimu huwa anasema kadi inayomwachia adui achague haifai, kwa sababu adui hawezi kukuchagulia mema. Hayo ni ya darasani. Adui mmoja, sawa. Lakini mimi nina watatu! Atakayesema "Basi" atapungukiwa na uhai mbele ya wenzake wawili waliokaa wanamwangalia kama nyama buchani. Kwa hiyo kila mmoja atangoja mwenzake ajitoe mhanga. Watangojana, na mimi nitachota. Nimezunguka chumba kizima nikijipongeza.

Jioni nikaijaribu nyumbani. Mke wangu alikuwa anapiga pasi, Shemeji alikuwa anakula chakula changu. Nikawaeleza sheria. Mke wangu akasema "Basi" kabla sijagusa rundo. Nikamwambia taratibu kwamba itamgharimu uhai. Akajibu kwamba uhai wake ameshautoa mwingi tangu harusi, alama moja zaidi haitamuua.

Jaribio limeharibika. Mke wangu hajui siasa za meza.

Shemeji alinifuata hadi jikoni. Akaniambia kwa heshima zote kwamba kadi ile ni hatari, niitoe kwenye rundo. Anataka kiti changu, halafu ananishauri! Nimemwelewa vizuri. Akisema niitoe, maana yake anaiogopa.

Jumatano, 5 Juni

Nadharia ni nzuri, lakini mwenye busara huiwekea nguzo. Leo nimeweka nguzo tatu.

Ya kwanza, Kinyozi. Nilikwenda kunyoa ndevu. Wembe ulipofika kooni nikamnong'oneza kuwa Jumamosi nitacheza kadi fulani, na akinyamaza sitamgusa mchezo mzima, nitampiga Nesi. Wembe ukasimama. Akafikiri. Mimi pia niliganda, hata mate sikumeza. Mwisho akasema sawa, akanifuta povu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila huyu amezinyoa nyingi mno za wenzake, simwamini sana.

Ya pili, Nesi. Hakuniruhusu kuingia bila foleni. Nilikaa kati ya mzee anayekohoa na mama mwenye mtoto anayelia, kisha nikaitwa, nikafungwa kile kitambaa cha kupima presha. Nikamwahidi kwamba akinyamaza nitampiga Mwalimu. Akasema presha yangu iko juu. Nikamuuliza kuhusu kadi. Akasema sawa, lakini nipunguze chumvi.

Ya tatu, Mwalimu, kwa simu. Akinyamaza, nitampiga Kinyozi. Akakohoa, akakubali.

Tazama uzuri wake! Kinyozi anaamini nitampiga Nesi, Nesi anaamini nitampiga Mwalimu, Mwalimu anaamini nitampiga Kinyozi. Duara kamili, halina hata ufa. Kila mmoja ana siri yangu na hakuna mwenye sababu ya kuitoa.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Mama mmoja alitaka rangi ya maziwa ya ukuta wa sebule. Nikaweka ndoo kwenye mashine, nikaanza kuhesabu kichwani: nikichota nne, Kinyozi atatetereka? Nikichota tano? Nilipozinduka, nilikuwa nimeongeza tone la nyekundu kwa kila kadi niliyoichota akilini. Ikatoka rangi ya ufizi. Nikafunga kifuniko, nikamwambia ikikauka itabadilika.

Alirudi baada ya kupaka ukuta mmoja. Akasema mumewe amegoma kukaa sebuleni, anahisi yuko ndani ya kinywa cha mtu. Tajiri wangu aliomba radhi kwa niaba yangu, kisha akaniita pembeni. Kuanzia leo nitauza nyeupe tu, maana nyeupe haichanganywi.

Sawa. Nyeupe inaniachia nafasi ya kufikiri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewaona! Watatu wote, kwenye benchi la nje ya zahanati. Kinyozi alikuwa anachora kitu hewani kwa kidole. Duara! Nesi alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa vidole vyake, polepole, kama anavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza.

Niliposogea wakanyamaza. Nesi akaniuliza presha inaendeleaje. Kinyozi akasifu kidevu changu. Mwalimu aliangalia viatu vyake tu.

Kama wameambiana, nimekwisha. Lakini labda walikuwa wanacheka mambo yao. Watu wazima wana mengi ya kuchekea. Na duara si langu peke yangu, hata sahani ni duara.

Nimeitoa kadi kwenye rundo. Nimeirudisha. Nimeitoa tena. Mke wangu akasema kadi ikikunyima raha namna hiyo, iache, mchezo ni mchezo. Nikamwambia si mchezo, ni kiti. Akanitazama kwa muda, akaja kukaa karibu yangu. Nilitamani sana kumsikiliza.

Nimeirudisha. Imo.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Tulikaa. Shemeji naye alikuwepo, kasimama mlangoni na rundo lake mfukoni, mnyenyekevu kama mgeni wa msibani. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vibaya. Uhai wangu ulishuka kuliko wa wote. Nesi alinipiga mara moja, akaniomba radhi, akanipiga tena. Zamu yangu ikafika. Nikaweka Kisima mezani.

Chumba kikatulia. Bomba la beseni la kuoshea nywele lilikuwa linadondosha maji, nilisikia kila tone.

Nikachota ya kwanza. Kimya. Ya pili, ya tatu. Takataka tupu! Nikamtazama Kinyozi, akatazama dari. Nikachota ya nne, nayo ilikuwa Ngome. Ya tano, Upanga. Ya sita, Daktari wa Vita, yule anayerudisha uhai! Nikaona Nesi anamtazama Mwalimu, na Mwalimu anatikisa kichwa kidogo sana.

Hapo ningeacha. Mungu ni shahidi, nilijua ningeacha. Kadi sita, tatu kati yake nzuri, zingenivusha. Lakini nikawaza: ikiwa wananyamaza, basi ahadi zinafanya kazi, na kama ahadi zinafanya kazi, ni mjinga gani anayeacha? Nikachota ya saba. Ya nane. Nzuri zote! Shemeji kule mlangoni akafumba macho.

Nikachota ya tisa.

"Basi!"

Watatu! Kwa pamoja, sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Nikaruka. Nikasema haiwezekani, kadi inasema wa kwanza, na hapa hakuna wa kwanza. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba wote ni wa kwanza, hivyo wanagawana. Kadi tatu kwa kila mtu na alama tatu za uhai kwa kila mtu. Bei ambayo ingemlemaza mmoja, wakachangiana kama majirani wanavyochangiana mchanga wa kujengea.

Kumbe walikuwa wanangoja zifike idadi inayogawanyika! Nikauliza kwa nini hawakusema kwenye sita. Nesi alitaka. Mwalimu ndiye aliyezuia. Alisema ananijua, nitafika tisa.

Zamu ya Mwalimu. Akaweka Joka la Shaba. Joka langu! Nililitunza kwenye mfuko wa nailoni miaka yote hiyo, na leo limenigeukia bila hata kunikumbuka. Uhai wangu ukaisha, nikawa wa kwanza kutoka. Mkia, mara ya tatu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikasimama. Nikamwambia Shemeji karibu. Akasema shemeji, si lazima. Nikamwambia sheria ni sheria. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama anaogopa kukichafua. Nikaenda nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala mchana kutwa nikiangalia ukuta. Nimeumia, sifichi. Si kwa sababu ya kushindwa. Ni zile hatua za kutoka, nilipofika nje nikawasikia wanachanganya kadi, nikajua Jumamosi ijayo hakuna atakayeniuliza ninawaza nini.

Mke wangu aliniletea chai. Akaniuliza ninawaza nini. Nikajifanya chai ni ya moto.

Baadaye nilimsimulia yote, naye akasema kosa langu si kadi. Kosa langu ni kuwa niliwapa watu watatu sababu moja ya kukaa benchi moja. Kabla ya Jumatano kila mtu alikuwa na lake, mimi ndiye niliyewafunga kamba moja. Nikatafakari. Nikaona anasema kweli. Nimeapa: sitacheza tena Kisima, sitaahidi mtu kitu pembeni, nitacheza kwa unyoofu kama Mungu alivyoniumba.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji amekuja dukani mapema, kabla sijafungua hata ndoo moja ya nyeupe. Anasema juzi baada ya mimi kuondoka walicheza mchezo mmoja, wakauacha njiani. Hakukuwa na utamu. Kinyozi alisema meza imepoa. Nesi alisema sheria ya kiti ni ya kipuuzi, na aliyeitunga ni mpuuzi, na aitwe arudi. Mwalimu atatoa kiti cha tano shuleni kwake. Kuanzia Jumamosi tutacheza watano.

Watano! Machozi yalinitoka, nikamwambia ni harufu ya rangi. Akajifanya ameamini. Kijana mwema sana huyu, sikuwahi kumtendea haki.

Nikamshika mkono, nikamvuta nyuma ya rafu ya mabomba. Nikamwambia Jumamosi nitacheza kadi fulani, na akinyamaza sitamgusa mchezo mzima, nitampiga Kinyozi. Akaniangalia sana. Kisha akasema sawa, shemeji, akaondoka, na kwa mbali nikamwona anatoa simu.

Atakuwa anampigia dada yake.

Mchana nitakwenda zahanati kupima presha, jioni nitapita kunyoa. Nimepiga hesabu upya. Wapinzani wanne, na tisa haigawanyiki kwa nne! Mwalimu atakwama hapohapo. Kadi haikuwa mbaya hata kidogo. Watu ndio walikuwa wachache.