Zamu ya Maji ya Bi Mahfoudha

Jumamosi, 8 Machi 2008. Samad Ash Shan

Kazi nimepata. Mzee Humoud, wakili wa falaj, yaani mfereji wa kale unaonywesha mashamba, ndiye mgawa maji wa mji huu, amekubali nimtengenezee mtambo wa zamu. Wenzetu hapa maji wamerithi kwa mababu. Sisi tuliorudi kutoka Unguja hatukurithi hata tone, na ndimu za Mama zinakauka. Mitende ya jirani Hazim, mwalimu wa kompyuta, imenawiri mpaka inakera. Kila asubuhi huniuliza ndimu zinaendeleaje. Hasidi.

Mpango ni huu. Kila mwenye zamu atakuwa na anwani yake kwenye seva niliyoiweka sebuleni. Programu kwenye kompyuta ya Mzee Humoud, yenye ramani ya mashamba na rangi za kupendeza, itaiuliza seva: fulani yupo? Seva itajibu 200, yaani yupo, au 404, yaani hayupo. Nami niliyeijenga nitatafuta zamu isiyo na mwenyewe, nimchukulie Mama. Nani atajua?

Jumapili, 9 Machi

Nimempata. Mahfoudha, marehemu tangu enzi za babu yake Mzee Humoud. Hana mtoto wala mjukuu. Maji yake ya alfajiri yanamwagika kwenye kiwanja kitupu kando ya makaburi. Nikamdokeza Mzee Humoud kwa mbali, kama sina haja. Akaniambia, ya waladi, mwanangu, hiyo ni wakfu, wenyewe wanaitumia, usiiguse. Nikaitikia hewallah. Nikarudi nyumbani nikamfuta.

Seva ikajibu imefuta. Nikauliza tena kuhakikisha. 200. Yupo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemfuta asubuhi. Nimemfuta baada ya adhuhuri. Nimemfuta huku nakula halua. Kila nikiuliza, yupo. Nikazima seva, nikaiwasha. Yupo, na zamu yake imerefuka.

Ikabidi nimwite Hazim. Aibu ya mwaka. Akaja anacheka, akasoma kumbukumbu za seva, kicheko kikamkauka. Akasema kila nikimfuta huyu, linakuja ombi la kumrudisha, na linatoka kwenye kompyuta ya Mzee Humoud. Basi mzee anabonyeza ovyo, nikasema. Tukaenda kwake. Kompyuta ingali ndani ya boksi, utepe haujakatwa. Juu ya boksi pana alama ya kiganja kilicholowa maji.

Hazim akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake. Kazi hii inataka moyo, hana.

Jumanne, 11 Machi

Mama kaniambia amekuja mgeni nilipokuwa dukani. Bibi mmoja, nguo imelowa mpaka magotini. Hakutaka kitu ila jina langu kamili, la baba na la babu. Mama akamtajia, akamtilia kahawa. Bibi akaondoka, kikombe kimejaa vilevile, na kahawa imekuwa maji matupu.

Mama analia. Kasema bora ndimu zote zife kuliko anipoteze mie. Roho imeniuma kumwona vile. Lakini nimepata akili mpya. Simfuti tena yule marehemu. Namwacha na anwani yake, ila kwenye nafasi ya mwenye zamu naandika jina langu. Adabu ni kitu chema.

Jumatano, 12 Machi

Imekubali! Alfajiri maji yamekuja yenyewe kwenye ndimu, hakuna aliyefungua mfereji. Mama hakutoka kuangalia. Amekaa na msahafu, hataki hata chai.

Nyayo za mtu asiye na viatu zimetoka kwenye ndimu mpaka chini ya dirisha langu. Za kurudi hakuna. Nitamwambia Hazim aache kuzurura bustanini mwetu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimemtolea Mzee Humoud kompyuta yake kwenye boksi, nikaiwasha. Ramani imetoka vizuri, mashamba yote na rangi zake. Mzee akauliza jina langu linafanya nini pale. Nikatazama. Liko chini ya Mahfoudha, kwenye rangi ya kijivu niliyowapa marehemu. Tarehe ya kufa: kesho, Ijumaa.

Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaniombea dua ndefu, kisha akauliza Mama ana nani mwingine hapa. Nikamwambia asijali, ni kasoro ya tarehe tu, nitairekebisha Jumamosi.

La maana ni kwamba zamu ina jina langu, na ni wakfu, hakuna wa kuifuta. Mie mwenyewe nimejaribu nikashindwa. Hazim atakoma kuniuliza habari za ndimu.

Yule bibi amesimama dirishani tangu alasiri. Amenambia kwa upole kwamba alfajiri tutakwenda pamoja, anionyeshe pa kufungulia maji. Kumbe watu wa hapa si wachoyo kama nilivyodhani.